Asiyecheka Havuki

Watu wakiniuliza nilijifunza wapi utabibu, nawaambia ni ukingoni mwa Mto Tana, chini kidogo ya Garsen, kwa mzee ambaye mtihani wake ulikuwa kicheko. Wanadhani nawatania. Sitanii hata kidogo. Kila asubuhi, kabla hatujapanda mtumbwi kwenda ng'ambo kwa wagonjwa wa ndui, Tabibu alisimama kivukoni, akamtazama kila mmoja wetu usoni, akamrushia neno la mzaha. Aliyecheka alipanda. Asiyecheka alirudishwa kulala, na sijaona aliyelia wala kuapa akabadilishiwa hukumu.

Kwao na ukoo wake sitavitaja, kwa kuwa mwenyewe hakuvitaja. Kwa matamshi yake tulijua katoka pande za Kipini, maana macho aliyaita mato na njaa aliiita ndaa, na hilo lilitutosha. Alikuwa mfupi, mwenye tumbo la mbele na miguu myembamba, na kilemba kikubwa kuliko kichwa kilichokibeba. Uso wake ulijaa makovu ya ndui ya utotoni. Sisi nasi tulikuwa na makovu, kwa sababu hakupokea mwanafunzi mwenye uso laini. Siku niliyokwenda kumwomba anifunze, alinipitishia kidole shavuni polepole, kama mama anayekagua mchele kutafuta mawe, kisha akasema, "Ndui ilishakula hapa ikashiba. Kaa."

Hiyo ilikuwa miaka ile ng'ombe wa Waorma walipokwisha nyikani kwa sotoka, na kabla njaa yake haijatuacha, ndui ikaingia vijijini. Vijiji vya mtoni viliwahamishia wagonjwa ng'ambo, kwenye vibanda vya mashambani, na mtu yeyote ambaye hajawahi kuugua alikatazwa kuvuka. Kwa hiyo kazi ilibaki mikononi mwetu, wenye nyuso zilizokwaruzwa. Nitasema kweli: pamoja na vifo vyote vile, damu ilinichemka kwa furaha. Nilikuwa kijana, nilikuwa nahitajika, na nilikuwa nafundishwa na mtu ambaye kila siku alinishangaza. Mpaka leo nikimkumbuka siwezi kukaa kitini nikatulia.

Dawa zake hazikuwa nyingi. Alituamuru tuwalaze wagonjwa juu ya majani mabichi ya mgomba, maana mkeka huganda kwenye vidonda na kuondoka na ngozi. Alituamuru tuwape uji mwepesi, kidogo kidogo, tuwafukuzie nzi, tuwasemeshe kwa majina yao. Ukimwuliza dawa yenyewe ni ipi, alikujibu, "Dawa ni wewe. Ndiyo maana sitaki uchachuke." Ndipo palipotoka ule ukali wake kuhusu usingizi.

Siku ya kwanza alitusimulia kisa cha mtu mmoja, mkulima, aliyeugua ndui katika mlipuko wa zamani. Alikuwa anaendelea vizuri. Alikuwa ameanza kuomba samaki. Mwuguzaji wake, kijana aliyekesha kupita kiasi, aliulizwa na mgonjwa kama atapona, akajibu kwa hasira, "Sijui, na hata ukipona mimi nitapata nini?" Yule mkulima akageukia ukutani. Hakutaka tena uji, hakutaka tena samaki, akafa. Tabibu alisema hakuuawa na ndui, aliuawa na mtu aliyekosa usingizi. Mmoja wetu akauliza yule kijana alikuwa nani. Tabibu akajigonga kifuani kwa kidole, bila kuona haya, akatuambia tukale.

Basi kwake usingizi ulikuwa sehemu ya kazi. Tulilala kwenye dungu, ule ulingo wa kufukuzia ndege mpungani, na alituamuru tusilale na maradhi kichwani. Kila mtu kabla ya kujilaza alipaswa kuwasimulia wenzake jambo moja aliloliona siku hiyo lisilohusu ugonjwa. Mwanzoni tulishindwa. Mtu alianza na ndege akaishia kwenye maiti. Baadaye tukapata ufundi. Kiboko aliyeingia kwenye shamba la mboga akatoka na jani la boga kichwani kama bi harusi alitulaza siku nyingi, maana kila aliyemsimulia alimwongezea pambo. Kulia hakukukatazwa. Alisema tulie kabla ya kula, kwa kuwa mtu anayelia kinywa kikiwa kimejaa hupaliwa.

Alitukataza buni, zile punje za kahawa. Waorma walizikaanga kwa samli na kuzitafuna, na ukitafuna chache tu usingizi hukukimbia mchana kutwa. Tabibu alisema mwenye kutafuna buni amekopa, na usingizi haujawahi kumsamehe mdeni. Alinusa vinywa vyetu! Alinikamata siku moja nikiwa na punje mbili kwenye pindo la nguo, akanichapa mgongoni kwa kubadhi akiwa anacheka.

Lakini yeye mwenyewe hatukumwona amelala hata siku moja. Tulipopanda dunguni alikuwa amekaa, tuliposhuka alikuwa amekaa. Mara moja tu nilimkuta amesimama ameshika nguzo, macho wazi, akikoroma kidogo. Nilipomwamsha alinitukana matusi ambayo sijayasikia tena popote, kisha akaniomba radhi mbele ya wenzangu. Huyo ndiye aliyekuwa akitupigania usingizi wetu.

Jambo lingine lililotufurahisha ni hofu yake ya maji. Mtu wa mtoni, tena anayevuka kila siku, aliogopa mamba kama mtoto. Hakupanda mtumbwi kama watu. Alikaa chini ukingoni, akateleza kwa makalio mpaka ndani, akamkumbatia kiuno mwenye upondo wa kusukumia mtumbwi na kufumba macho hadi ng'ambo, huku midomo ikicheza kwa dua. Tulipomcheka alifumbua jicho moja na kusema, "Chekeni, chekeni, mmepita."

Nisimfanye malaika. Mtihani wake ulikuwa na kasoro, na mwenyewe alizijua akiwa amechelewa. Tulikuwa na mwenzetu kutoka Ozi, mvuvi, aliyegundua kwamba kucheka ni rahisi kuliko kulala. Alikuwa anashinda anatega samaki wakati wa kupumzika, na asubuhi alicheka kabla mzaha haujafika katikati. Alivuka hivyo siku kadhaa, macho mekundu, mpaka Tabibu akasimama mbele yake na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo ni Alhamisi." Mtu wa Ozi akaangua kicheko, akajishika mbavu. Tabibu akamwonyesha dungu kwa kidole. Sisi wengine tulicheka sana hata mtumbwi ukachelewa.

Kasoro ya pili ilikuwa nzito zaidi. Alikuwepo Mworma mmoja, kijana mrefu ambaye ng'ombe wao wote walikufa, akaja kujifunza kwa kuwa hakuwa na cha kuchunga. Huyu hakucheka. Tabibu alimrushia mzaha wa kila aina, naye aliinamisha kichwa na kutazama miguu yake. Basi kila siku alirudishwa kulala. Akalala, akaamka, akarudishwa, akalala tena. Sisi tulikonda, yeye alinenepa na ngozi ikang'aa. Mwishowe alimfuata Tabibu, akasimama mbali kidogo kwa adabu.

"Tabibu, mimi nimelala sana. Usingizi yangu imekwisha kabisa," alisema. "Lakini wewe ni rika ya baba ya mke yangu. Kwetu mtu hapana cheka mbele ya mzee kama huyo. Mimi nitacheka vipi?"

Tabibu alimsogelea. Sisi tulijiandaa kwa matusi. Badala yake alimshika yule kijana mkono, akamkalisha, akamwomba amtajie ng'ombe wao, mmoja mmoja. Mworma alianza polepole, jike jekundu lenye doa jeupe kwenye paja, fahali la kijivu lililopenda kusimama kivulini, ndama wake, na mama wa yule ndama. Wote walikuwa wamekufa. Lakini sauti yake ilipanda, mikono ikaanza kuchora pembe hewani, na uso ukawaka. Tabibu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatugeukia.

"Mimi sitaki meno yenu," akasema. "Nabisha hodi tu, nijue kama mwenyewe yumo."

Tangu siku hiyo Mworma alipimwa kwa ng'ombe. Akitaja wawili watatu akanyamaza, alirudi kulala. Akiwataja mpaka Tabibu amkatize, alivuka. Nasi tukaelewa kwamba mtu aliyechoka hafungui mlango hata ukimbishia kwa kitu anachokipenda.

Sasa nifike kwa mama yangu. Mama alikuwa kijijini kwetu, juu ya mto, na hakuwahi kupata ndui. Nilikuwa nakata majani ya mgomba adhuhuri moja nilipoambiwa kwamba mtumbwi wa kijijini umepita, umempeleka ng'ambo, kwenye vibanda vyetu. Nilidondosha panga palepale. Mtumbwi wa wauguzaji ulikuwa tayari umevuka, na wa pili hatukuwa nao. Sikulala. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kivukoni.

Tabibu alinirushia mzaha aliouzoea, wa masikio yangu, ambayo nakiri ni makubwa. Alisema upepo wa kusi ukivuma nitawafikisha Lamu bila tanga. Kila siku nilicheka kwa neno hilo. Siku hiyo nilijaribu kuuvuta mdomo wangu upande, nikaona hata Mworma ameangalia pembeni kwa aibu.

"Kalale," alisema Tabibu.

Nilimwambia ni mama yangu. Alisema anajua. Nilimwambia huenda akafa kabla sijamwona. Alisema anajua hilo pia. Nilipiga magoti kwenye matope. Hapo akainama mpaka uso wake ukakaribia wangu, na kwa mara ya kwanza sikuona mzaha ndani yake.

"Wagonjwa wengine wakiuona uso huu watadhani umegombana na mke," alisema kwa upole. "Yeye alikuzaa. Yeye ataona kwamba anakufa."

Walivuka wakaniacha. Nilimchukia Tabibu siku hiyo, nasema wazi. Nilimchukia kwa moyo wote, nikalala dunguni nikitazama ndege wakila mpunga bila kuwafukuza. Sikusinzia. Asubuhi ya pili ilikuwa vilevile, nikarudishwa. Mworma ndiye aliyemwuguza mama siku hizo, na alasiri alikuja moja kwa moja chini ya dungu kunipa habari. Alisema mama amekunywa uji kidogo. Homa bado. Kisha, baada ya kujikuna, akaniambia mama ameuliza kama bado nakoroma, maana nilipokuwa mdogo mbuzi walikuwa wakikataa kulala upande wangu wa nyumba.

Sikucheka, lakini kitu kilifunguka kifuani. Mtu anayekufa hawakumbuki mbuzi. Nililia kwanza, kama tulivyofundishwa, kisha nikala, kisha nikalala kama gogo.

Asubuhi iliyofuata nilisimama kivukoni na mwili mwepesi, ila uso bado ulikuwa mzito. Tabibu alinijaribu kwa masikio. Alinijaribu kwa mbuzi, maana Mworma alikuwa amempa habari. Aliniuliza habari za kiboko na jani lake la boga. Kila neno nililisikia, na kila neno nilitaka kulicheka, lakini kicheko hakikuja. Hofu yenyewe ya kutocheka ndiyo iliyokizuia. Wenzangu walikuwa wameshapanda, mwenye upondo anasubiri. Niliona Tabibu ananitazama, kisha anautazama mto, kisha ananitazama tena. Nilijua kinachofuata ni neno lile lile, kalale, na nilijua safari hii nitajitosa majini niogelee.

Hakulisema. Alinipa mgongo, akaenda mtumbwini. Na badala ya kukaa chini ateleze kwa makalio kama ilivyo desturi yake, alijishika kiuno na kunyanyua mguu kama kijana wa kwenda ngomani. Mguu ukakanyaga utelezi. Tabibu akaruka, akapiga maji kwa tumbo lile, akazama mpaka mabegani mahali ambapo mtoto angesimama. Akapaza sauti, "Mamba! Mamba amenikamata!" Alikuwa amekamatwa na mguu wa Mworma uliokuwa ukining'inia mtumbwini, tena ni yeye aliyeushika. Kilemba kikamtoka, kikajifungua taratibu juu ya maji, na kutoka kwenye mikunjo yake zikaanza kutoka buni. Buni, jamani! Nyeusi, zilizokaangwa vizuri kwa samli, zikaelea zikimzunguka yule mzee aliyenichapa kwa punje mbili.

Nilicheka. Nilicheka nikaanguka, nikacheka huku machozi yakinitoka kwa mama na kwa buni pamoja, sikujua lipi ni la nani. Mtu wa Ozi alicheka, safari hii kwa haki. Hata Mworma, yule mwenye adabu zake, alijifunika nguo usoni na mabega yakamtikisika. Tabibu akasimama, maji yakimchuruzika, akanielekezea kidole.

"Mwenyewe yumo," akasema. "Panda."

Nilipanda. Lakini nikiwa ndani nilimtazama vizuri, nikaona macho yake bila kilemba cha kuyatia kivuli. Yalikuwa mekundu, yamevimba. Nikaziangalia tena buni zikichukuliwa na mkondo, na kicheko kikanipungua.

Nilimwuliza, "Na wewe, Tabibu? Umelala?"

Alikinyooshea mkono kilemba chake. Aliyeongea ni Mworma, akiwa bado amejifunika uso ili asionekane anamkosea mzee. "Tabibu," alisema, "kalale."

Nilidhani mbingu itaanguka. Mzee aliokota kilemba chake, akakikamua, akapanda ukingo, akaelekea dunguni miguu ikimteleza. Ikawa siku ya kwanza tuliyovuka peke yetu. Kama alilala au hakulala, hakuna aliyebaki kumtazama.

Mama aliponiona nikiingia, jambo la kwanza alilouliza ni kwa nini uso wangu umejaa kicheko. Nilikaa kando ya majani yake ya mgomba nikamsimulia kila kitu, tumbo, mamba, kilemba, buni. Alinitazama usoni muda mrefu, akinisoma kama alivyonisoma tangu mtoto. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alicheka kidogo, akaniomba nisimchekeshe, inauma, kisha akaomba uji, bakuli lote. Alipona. Jicho moja lilibaki na ukungu, na mpaka anazeeka alikuwa akiuliza, "Yule mzee wa buni hajambo?"

Swali moja nilibaki nalo. Je, aliteleza, au alijitosa? Mtu wa Ozi aliapa kwamba aliteleza, kwa kuwa hakuna mwoga wa mamba anayeweza kujitupa. Mworma alisema ng'ombe mzee hakosei njia ya maji. Tabibu mwenyewe ukimwuliza alikupa kazi ya kukata majani.

Ndui ilipopoa tulitawanyika. Mworma alirudi nyikani na mitamba michache. Mimi nilibaki karibu na Garsen, na miaka ilipopita nikapata wanafunzi wangu, wote wenye makovu, nami nikasimama kivukoni kila maradhi yalipozuka nikiwarushia maneno ya mzaha. Nasema kwa majivuno kwamba sikuwahi kukosa mzaha.

Kisha ndui ndogo ikaja tena, vijiji vichache tu. Asubuhi moja, wanafunzi wakiwa wameshapanda, nilimwona mzee anakuja kwa fimbo kwenye njia ya mpungani, kilemba kikubwa juu, kichwa kidogo chini. Nilimtambua kwa ile miguu. Nilikimbia kumpokea, nikambusu mkono, lakini hakuwa amekuja kunitembelea. Mjukuu wake alikuwa ng'ambo. Alikuwa ametembea kutoka Kipini na alitaka kuvuka sasa hivi.

Nikamtazama macho. Yalikuwa mekundu.

Nilihisi wanafunzi wangu wote wananitazama. Nilimrushia mzaha wa tumbo. Hakucheka. Nikamkumbusha mamba wa siku ile. Alitikisa kichwa kwa heshima tu, kama mtu anayesubiri mwingine amalize kusema. Nikajua neno linalotakiwa kusemwa, na ulimi ukakataa. Nani mimi nimwambie mtu huyu akalale? Nikautazama mto. Nikainama, nikaanza kuvua viatu.

"Vaa viatu," alisema Tabibu. "Hila hiyo ni yangu, na maji yana baridi."

Nilibaki na kiatu kimoja mkononi. Miaka yote ile, na jibu likaja hivyo, bila kuulizwa. Mdomo wake ulicheza upande mmoja, basi. Akaniuliza ni nani atakayevuka kwa mjukuu wake. Nikamwambia ni mimi. Akaniuliza kama nimelala. Nikamwambia nimelala. Akasogea, akanishika kidevu, akanigeuza uso kulia na kushoto kwenye mwanga.

"Masikio yamekua," akasema. "Sasa hata Unguja utafika."

Nilicheka mpaka kiatu kikanidondoka. Akaniachia kidevu.

"Mwenyewe yumo," alisema, na bila kuambiwa na mtu alikwenda kwenye mkeka uliokuwa chini ya dungu, akaweka fimbo, akalala chali. Mwenye upondo hakuwahi kusukuma mtumbwi kabla hatujasikia mkoromo wake, mkoromo wa kufukuza mbuzi wa kijiji kizima. Ndiyo siku niliyomwona Tabibu amelala.

Mtoto nilimkuta na homa, lakini alinishika kidole kwa nguvu, na kabla sijaondoka alikuwa ameomba uji wa pili. Nilirudi nikikimbia kumpa babu yake habari. Alikuwa bado amelala, mdomo wazi, kilemba kimemwinamia sikioni, na kwenye mkunjo wake niliona punje moja ya buni ikichungulia. Nikaitoa polepole nisimwamshe, nikaitafuna mwenyewe, nikakaa kando yake kumfukuzia nzi mpaka aamke.